Kuacha si Kulinda: Hoja ya Chura wa Miti wa Ulaya

Limeenea miongoni mwa wapenzi wa viumbe dai moja lisemalo kuwa tendo bora kupita yote ambalo mwanadamu aweza kuwatendea wanyama na mimea ni kuondoa mkono wake. Aondoke tu, wasema, na maumbile yatajitengeneza yenyewe. Dai hili lina sura njema. Ni la unyenyekevu, kwa kuwa lamkumbusha mwanadamu madhara mengi aliyoyafanya. Ni jepesi, kwa kuwa halimdai kazi. Tena ni la bei nafuu, kwa kuwa asiyefanya neno hatoi gharama. Jambo lenye unyenyekevu, wepesi na unafuu kwa pamoja hupata wafuasi upesi. Lakini uzuri wa dai si ushahidi wa ukweli wake. Insha hii yakusudia kulipinga, na shahidi wake ni kiumbe asiyezidi urefu wa kidole gumba cha mtu mzima: chura wa miti wa Ulaya.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo kubwa kama hili lihukumiwe kwa ushahidi wa chura. Jibu ni kwamba dai lenyewe lajitangaza kuwa la viumbe vyote na la mahali pote, na dai la namna hiyo huangushwa na mfano mmoja ulio kweli. Isitoshe, chura huyu hasemi kwa niaba ya nafsi yake peke yake. Nyuma yake wamo kereng'ende, mijusi ya majini, vyura wa jamii nyingine, na mimea mingi ya kingo za madimbwi, ambao maisha yao yamefungwa kwa fundo lilelile. Amjuaye chura wa miti barabara amekwisha kujua nusu ya habari zao.

Basi na tumjue. Carl Linnaeus wa Sweden alimwandika mwaka 1758 katika toleo la 10 la kitabu chake cha mpango wa viumbe, akamwita Rana arborea, maana yake chura wa mtini. Miaka 10 baadaye, mwaka 1768, Laurenti wa Vienna alianzisha jenasi ya Hyla, na kwa sababu hiyo jina la elimu la chura huyu leo ni Hyla arborea. Mwaka uleule wa 1758, August Johann Rösel von Rosenhof, mchoraji wa Nuremberg, alikamilisha kitabu kikubwa cha vyura wa nchi yake, chenye picha za rangi za kila hatua ya maisha yao tangu yai hata utu uzima. Chura wa miti yumo kitabuni humo, amechorwa na mtu aliyekuwa na subira ya kukaa na kumtazama.

Mgongo wake ni laini, wa kijani kama jani changa. Tumbo lake ni jeupe lenye chembechembe. Mstari mweusi huanza puani, hupita jichoni na sikioni, hushuka ubavuni, na ukaribiapo nyonga hujikunja kuelekea juu. Ncha za vidole vyake zina visahani vinavyonata, navyo humwezesha kupanda jani lililosimama, hata kioo. Rangi yake haikai hali moja: chura aliyekuwa kijani asubuhi aweza kuonekana wa kijivu au wa kahawia baadaye, kwa kufuata joto, unyevu na hali ya mwili wake. Tofauti na vyura wengi, hapendi giza la chini mchana kutwa. Hukaa juu ya majani ya vichaka vya miiba, kwenye matete na kwenye ua wa miti midogo, akiota jua waziwazi, miguu ameikunja chini ya mwili.

Mwaka wake una nyumba tatu. Wakati wa baridi hujificha ardhini, katika mashimo, mizizi na marundo ya majani makavu. Mwezi wa Aprili, hewa ianzapo kupata joto, madume hushuka majini jua likichwa na kuanza kuita. Kila dume huujaza hewa mfuko wa koo lake hata ukakaribia ukubwa wa mwili wake, na sauti za kundi zima husikika usiku mtulivu kutoka mbali kiasi cha kilomita moja. Kuita huku si mchezo. Kwatumia nguvu nyingi za mwili, na dume awezaye kurudi bwawani usiku mwingi zaidi kuliko wenzake ndiye apataye wake wengi zaidi. Jike hutaga mayai mia kadhaa, hata yakafikia kama 1,000, katika vifungu vidogo vidogo alivyovishikiza kwenye mimea ya majini. Mayai huangua viluwiluwi wenye pezi refu la mkia, waogeleao katika maji ya wazi mfano wa samaki wadogo. Baada ya miezi miwili au mitatu hutoka majini wakiwa vyura kamili wa kadiri ya sentimita moja na nusu, wakapanda vichakani. Hiyo ndiyo nyumba ya tatu, nyumba ya kiangazi.

Katika habari hizi fupi mna mambo matatu ambayo hoja yetu yategemea. La kwanza, chura huyu hataki maji tu: ataka maji, kichaka na mahali pa kulala baridi, na vyote viwe karibu. Kulipa bwawa ulinzi na kukata vichaka vya jirani ni sawa na kumpa mtu kisima na kumbomolea nyumba. La pili, ataka bwawa lenye jua. Viluwiluwi wake hukua kwa joto. Bwawa likifunikwa na kivuli maji huwa baridi, ukuaji huchelewa, na mwisho madume huacha kuita hapo. La tatu, maisha yake mwituni ni mafupi. Huanza kuzaa afikapo kama miaka miwili, na walio wengi hawaishi miaka mingi baada ya hapo. Kwa hiyo miaka michache ya mfululizo isiyotoa watoto yatosha kulifuta kundi zima, ijapokuwa hakuna hata mtu mmoja aliyemwua chura mmoja.

Sasa na tulitazame bwawa lenyewe, maana hapa ndipo wapendao kuacha mambo yajiendee wanapokosea. Wao huliona bwawa kama jambo lililotimia: lipo, ni zuri, basi tusiliguse. Lakini bwawa ni kitu chenye umri. Huzaliwa, hukua, huzeeka na kufa. Likiwa changa huwa na kingo tupu, maji yenye joto, na wanyama walao wenzao wachache. Mwaka hata mwaka majani huoza na kujaa chini. Matete huingia kutoka ukingoni. Miti ipendayo maji huota, ikarefuka, ikatupa kivuli. Tena samaki hufika, aghalabu kwa mkono wa mtu aliyechoka kuwafuga nyumbani akaona ni huruma kuwamwaga humo. Kiluwiluwi wa chura wa miti ana hila fulani mbele ya adui azaliwaye naye bwawani: akikulia penye mabuu ya kereng'ende huota mkia mpana zaidi na wenye rangi kali zaidi, ili adui apige mkia na kuuacha mwili salama. Lakini samaki humeza kiluwiluwi mzima, mkia na mwili. Bwawa lenye samaki wengi huwa kaburi la kizazi.

Hapa pana ajabu ambayo mwenye kupenda picha za maji mengi hakubali kuiamini kwa urahisi. Dimbwi likaukalo mara kwa mara ni rafiki wa chura huyu kuliko ziwa lisilokauka kamwe. Likikauka mwishoni mwa kiangazi, vyura wadogo wamekwisha kutoka, lakini samaki hufa, na mabuu makubwa ya wadudu hupungua. Mwaka ufuatao dimbwi hurudi likiwa kama jipya. Ukame tunaouhesabu kuwa msiba ni ufagio wa nyumba yake.

Ikiwa kila bwawa huzeeka na kufa, basi chura wa miti aliwezaje kuishi Ulaya maelfu ya miaka? Aliweza kwa sababu mabwawa mapya yalizaliwa kadiri ya kale yalivyokufa, na mkunga wao alikuwa mto. Mto ulio huru hufurika, hung'oa miti, huhama kutoka mkondo huu kwenda ule, huacha nyuma madimbwi katika mchanga na changarawe, na mwaka mwingine huyafuta na kuchimba mengine. Chura wetu ni mwenyeji wa vurugu hiyo. Kwa hivyo kuita hata kusikika kilomita nzima, na kuweza kuhama kwa baadhi yao kilomita kadhaa, vyote vyafaa kwa kiumbe ambaye nyumba yake ya mwaka huu huenda isiwepo mwaka ujao.

Lakini mto huo huru haupo tena katika sehemu kubwa ya nchi zake. Mto Rhine wa juu, kwa mfano, ulinyooshwa kwa mpango wa mhandisi Johann Gottfried Tulla, kazi iliyoanza mwaka 1817 ikamalizika mwaka 1876. Mito mingine mingi ya Ulaya ya kati ilitendewa vivyo hivyo katika karne ya 19 na ya 20: ikafungwa kwa kingo za mawe, na mabonde yake ya maji yakakaushwa yawe mashamba. Sababu hazikuwa za kipumbavu. Watu walichoka kuzikwa na mafuriko na kuugua homa za mabwawani, na walitaka chakula. Simlaumu mkulima wa zamani hizo. Nasema tu kwamba siku mkunga alipofungwa mikono, hesabu ya mabwawa ilibadilika: ya kale yakaendelea kufa kama yalivyoumbwa, na mapya hayakuzaliwa.

Basi msomaji na apime mwenyewe maana ya kusema "tuache maumbile yajitengeneze" katika bonde la namna hiyo. Aachaye haachi maumbile. Aacha maumbile yaliyokwisha kukatwa mkono mmoja, mkono ule uliokuwa ukifanya upya, na kubakizwa mkono mmoja tu, ule uzeeshao. Kivuli chaendelea kuingia, tope laendelea kujaa, lakini furiko haliji. Kuacha katika hali hiyo ni kuunga mkono upande mmoja wa mizani, kisha kujiita asiyependelea.

Ushahidi wa jambo hili waonekana katika makimbilio ambayo chura wa miti aliyachagua mwenyewe. Alipokosa mabonde ya mito alikwenda katika machimbo ya changarawe, ambako mashine huchimba leo hapa kesho pale na kuacha madimbwi mapya yenye jua. Alikwenda katika viwanja vya mazoezi ya kijeshi, ambako magurudumu na minyororo ya vifaru huacha mitaro ijaayo maji ya mvua. Alikwenda katika mabwawa ya ng'ombe, ambayo wanyama huyakanyaga kingo zake zisiote miti. Mahali hapa pote hapana sura ya mwitu. Mpiga picha hapiti huko, na mshairi hapasifu. Lakini chura hakuuliza kama mahali hapo papendeza. Aliuliza kama pana jua, maji yasiyo na samaki, na kichaka cha jirani. Na mara nyingi imetokea kwamba machimbo yakifungwa na "kurudishwa katika maumbile", yaani kujazwa udongo na kupandwa miti, sauti za vyura hukoma.

Kelele za chura hazimnyimi ng'ombe kunywa maji, wasema wahenga wetu, na mithali hiyo ni ya kweli kwa makusudi iliyowekewa. Ila katika jambo hili kinachofaa kumtia mtu hofu ni kunyamaza kwa chura. Kelele zake hazimzuii mtu kitu. Ukimya wake ndio utuambiao kuwa bwawa limekufa na watu wamelisifu kwa utulivu wake.

Wapinzani wetu wana majibu, na yafaa yasikilizwe kwa heshima, maana baadhi yao ni watu wenye elimu na nia safi.

Jibu lao la kwanza ni kwamba sheria yatosha. Ni kweli kwamba Mkataba wa Bern wa mwaka 1979 umemweka chura wa miti miongoni mwa wanyama wa kulindwa kwa ukali, na Agizo la Makazi la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1992 limemwandika katika kiambatisho cha nne, cha wanyama wasioruhusiwa kuuawa, kukamatwa wala kuharibiwa mahali wazaliapo. Sheria hizi ni njema, wala hapana mwenye akili atakaye zifutwe. Lakini sheria hukataza tendo, na aliuaye bwawa aghalabu si mtenda bali ni muda. Mtu ajazaye dimbwi kifusi aweza kushtakiwa; kivuli hakishtakiwi. Hakimu hawezi kuuamuru mti usiote, wala kulitoza tope faini. Twaweza kuitii sheria yote, kifungu kwa kifungu, na kumpoteza chura.

Jibu lao la pili ni kwamba kuchimba mabwawa na kukata vichaka kwa zamu ni kazi ya bustani, na bustani si maumbile; afadhali kupotewa na chura mmoja kuliko kuigeuza nchi nzima kuwa shamba la wanyama. Neno hili lina nguvu zaidi kuliko lile la kwanza, na sitalipuuza. Yako mahali ambako kuacha ndiyo kazi iliyo bora. Msitu mkongwe ambao wadudu wake huishi katika magogo yaozayo hautaki shoka. Mlima ambao mmomonyoko wake wafanya kazi yake hautaki mhandisi. Mahali ambapo nguvu zote mbili, ile ya kuzeesha na ile ya kufanya upya, zingali zipo, mwanadamu na akae kando. Lakini masharti hayo hayatimii katika bonde lililonyooshwa. Hapo nchi yote imekwisha kuwa kazi ya mkono: mto ni wa mkono, shamba ni la mkono, barabara ni ya mkono. Mwenye kusema kuwa dimbwi peke yake lisiwe la mkono aamuru kwamba kila mwenye nguvu ahudumiwe isipokuwa aliye mnyonge.

Wengine katika kundi hilo hilo husema: mrudisheni biva, yule mnyama mgugunaji ajengaye mabwawa kwa miti aiangushayo, naye atawachimbia vyura bure. Neno hili nalikubali kwa furaha, maana latubu kosa la wenzao. Biva alirudishwa Uswisi kuanzia mwaka 1956, na huko aishiko kwa nafasi huangusha miti, huleta jua, na kutanua maji. Yeye ni mkunga wa pili baada ya mto. Lakini biva naye hakujirudisha. Alirudishwa na watu waliokataa kuacha. Tena mahali pengi akijenga bwawa lake hufurisha shamba la mtu, na bwawa hubomolewa. Basi palipo na nafasi ya mto, na urudishiwe mkondo wake. Palipo na nafasi ya biva, na aachwe ajenge. Na pasipo na nafasi ya yeyote wa hao wawili, jembe na mashine vishike zamu yao. Hayo matatu ni kazi. Hapana hata moja lililo kukaa kitako.

Jibu lao la tatu ni kwamba kazi hiyo haina matunda, kwa kuwa barabara, dawa za mashamba na magonjwa vitawamaliza vyura hata tukichimba. Hili halijibiwi kwa maneno, hujibiwa kwa mambo yaliyotokea. Jimbo la Aargau liko kaskazini mwa Uswisi. Ni nchi ya chini, yenye watu wengi, viwanda, mashamba na barabara kuu, na vyura na mijusi ya majini walikuwa wamepungua humo kwa miongo mingi. Tangu miaka ya 1990 serikali ya jimbo, mashirika ya hiari, wenye ardhi na watu wa kujitolea walichimba madimbwi kwa wingi, huku wakihesabu wanyama mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2022 wataalamu wa huko walitoa matokeo ya miaka 20 katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani: madimbwi mapya 422 yalikuwa yamechimbwa, jamii 12 za wanyama wa majini na nchi kavu zilifuatiliwa, na kupungua kwa jamii zilizo nyingi kulikuwa kumesimamishwa, na zaidi ya nusu ya makundi ya kimkoa yalikuwa yameongezeka. Chura wa miti alikuwa miongoni mwa walionufaika sana. Katika bonde la mto Reuss mahali alipoonekana paliongezeka mara kadhaa kuliko awali. Barabara hazikuondolewa katika miaka hiyo, wala mashamba hayakuachwa. Lililobadilika ni hesabu ya mabwawa. Mkunga alipatikana, na watoto wakazaliwa.

Mfano wa pili watoka Latvia. Huko chura wa miti alikuwa ametoweka kabisa katika karne ya 20. Bustani ya wanyama ya Riga ilichukua vyura kutoka Belarus, ikawazalisha, na kati ya mwaka 1988 na 1992 ikawaachilia maelfu ya vyura wadogo katika nchi ya Kurzeme, magharibi mwa Latvia. Walishika mizizi na kuenea. Wapendao kuacha wangalimngojea arudi kwa miguu yake; wangalingoja hata leo.

Lakini mfano huu wa pili wataka tahadhari, na mtetezi wa kazi asiyetaja hatari za kazi hastahili kuaminiwa. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba karibu vyura wote wa miti wa Ulaya ni jamii moja. Uchunguzi wa sauti zao, na baadaye wa chembe za urithi, umeonyesha kuwa chini ya jina moja palikuwa pamejificha jamii kadhaa: wa mashariki aitwaye Hyla orientalis, wa Italia Hyla intermedia, wa Hispania na Ureno Hyla molleri, na mwaka 2018 wa Italia naye aligawanywa, wa kaskazini akapewa jina la Hyla perrini. Kwa macho hawatofautiki sana. Kwa damu wametengana muda mrefu mno. Magharibi mwa Uswisi vyura wa asili ya Italia waliachiliwa na watu, wakachanganya damu na wenyeji waliokwisha kuwa wachache, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha jinsi wageni walivyoanza kuwafunika wenyeji. Hii ni kazi iliyofanywa bila elimu, na madhara yake hayarekebishiki kwa urahisi.

Je, habari hizo zawapa ushindi wapendao kuacha? La hasha. Zatufundisha mpango wa kazi. Kwanza chimba bwawa, kata kivuli, ondoa samaki, acha kichaka. Kisha mwache chura aliye jirani aje mwenyewe, maana sauti ya mwenzake yatosha kumwita. Kubeba wanyama kutoka mbali ni dawa ya mwisho, ya mahali ambapo hakuna jirani aliyesalia, nayo hutolewa kwa mkono wa mjuzi aliyepima asili yao kwanza. Daktari aliyetoa dawa isiyofaa hutupa haja ya daktari bora. Hatupi sababu ya kuwaacha wagonjwa wafe.

Pana uzembe wa aina nyingine ulio ndugu wa huu tunaoupinga, nao ni wa kale zaidi. Katika Ujerumani na nchi za jirani watu walikuwa na desturi ya kumtia chura wa miti katika chupa ya kioo yenye maji kidogo na ngazi ndogo ya mti. Akipanda ngazi, walisema, hali ya hewa itakuwa njema. Akishuka majini, mvua yaja. Hata leo Mjerumani kwa mzaha humwita mtabiri wa hali ya hewa "chura wa hewa". Asili ya imani hiyo yaweza kufahamika: siku za jua wadudu huruka juu zaidi, na chura afuataye chakula hupanda mimea. Lakini ndani ya chupa hamna wadudu warukao, na ngazi haina uhusiano wowote na mawingu. Mwenye chupa alimtazama chura kila siku, na kila siku aliona haja yake mwenyewe. Mwenye kusifu bwawa lililofunikwa kwa kivuli hana tofauti kubwa naye. Yeye pia atazama kioo, aona utulivu autakao moyo wake, na kuuita maisha ya chura.

Wanafunzi wa Kiswahili wana silaha moja katika mjadala huu ambayo wengine hawana, nayo imo katika lugha yao wenyewe. Kazi ya kulinda wanyama na mimea twaiita kuhifadhi, na neno hilo hilo twalitumia kwa mtu aliyeweka maneno moyoni. Kila aliyepita chuoni utotoni ajua maana yake. Aliyehifadhi sura hakuhifadhi kwa kuiacha. Alihifadhi kwa kuirudia asubuhi na jioni, na siku aliyoacha kuirudia ilianza kumtoka, aya kwa aya, bila kuibiwa na mtu. Hakuna aliyepata kumsifu mwanafunzi kwa kusema kuwa ameiachia sura ijihifadhi yenyewe.

Bwawa ni kama hilo somo. Huhifadhika kwa kurudiwa. Katika miaka kadhaa mti ukatwe, tope liondolewe, samaki watolewe, na ubavuni pachimbwe jingine ambalo litakuwa changa hili litakapokuwa kongwe. Kazi hii haina mwisho, na wasioitaka watasema kuwa jambo lisilo na mwisho halifai kuanzwa. Kwa kanuni hiyo hapana mtu atakayelima, wala kufundisha, wala kuosha mtoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika nchi nyingi za Ulaya ufa umekwisha kuwa mkubwa, na ukuta umekwisha kuanza kujengwa kwa gharama iliyo kubwa kuliko ile ambayo ingalitosha zamani.

Chura wa miti haombi nchi yote irudi kuwa mwitu. Aomba shimo lenye maji na jua, na kichaka hatua chache kutoka hapo. Mwanadamu aliyemnyang'anya mto hawezi kumjibu kuwa sasa ameamua kutoingilia mambo yake.